Nani Kasema DNA Hii ni Takataka?

Imezoeleka kusemwa, madarasani na katika makala za sayansi nyepesi, kwamba ndani ya kromosomu kuna DNA yenye kazi na DNA takataka, na kwamba takataka iliyo dhahiri kuliko zote ni ile iitwayo DNA setilaiti. Ukiitazama unaelewa upesi kwa nini imepewa sifa hiyo. Mchukue nzi wa matunda, yule mdogo mwenye macho mekundu anayezengea ndizi zilizoiva kupita kiasi na vibuyu vya tembo, ambaye wataalamu humwita Drosophila melanogaster. Katika kromosomu zake kuna maeneo ambayo maandishi yake ni AATAT, AATAT, AATAT, maelfu kwa maelfu ya mara. Kwingine ni AAGAG. Kwingine ni AATAACATAG. Kwenye kromosomu X kipo kipande cha herufi 359 kilichorudiwa hadi kikajaza mamilioni ya herufi. Humo hamna agizo la kutengeneza protini hata moja. Msomaji akiambiwa hiyo ni takataka, anaona hana la kuuliza. Mimi nadai lipo la kuuliza, tena kubwa. Hukumu ya takataka imetolewa kwa kuangalia maandishi yanasema nini, bila kuangalia nani anayashika. Na kwa nzi huyu tunazijua kwa majina protini zinazoishika setilaiti, tunajua zinashika wapi, na tunajua kinachompata nzi zikikosekana. Ushahidi huo ukishasomwa wote, hukumu ya zamani haina pa kusimama.

Ni vizuri kwanza kujua hukumu hiyo ilikotoka, maana haikutoka kwa wajinga. Katika miaka ya 1960 watafiti walikuwa wakiizungusha DNA kwa kasi kubwa ndani ya mmumunyo wa kloridi ya sizi. DNA nyingi ilijikusanya katika mkanda mmoja mnene, na pembeni yake ikajitokeza mikanda membamba, kwa kuwa DNA yake, kwa wingi wa herufi A na T au kwa mpangilio wake, ina uzito tofauti kidogo. Katika nzi wetu mikanda hiyo ilipewa majina ya uzito wake: 1.672, 1.686, 1.688 na 1.705. Ilipogundulika kwamba ni marudio matupu, na kwamba yamejazana kwenye zile sehemu za kromosomu zilizosongamana ambazo Mjerumani Emil Heitz alizipa jina la heterokromatini mwaka 1928, wengi walikata shauri kwamba hakuna cha kutafuta huko. Hata jenomu ya nzi ilipotangazwa kwa shangwe mwaka 2000, kilichokuwa kimesomwa ni herufi kama milioni 120 kati ya takriban milioni 180. Thuluthi nzima iliachwa, kwa sababu mashine na programu za wakati ule hazikuweza kuyaunganisha marudio. Binadamu naye alisubiri hadi mwaka 2022 ndipo jenomu yake ikasomwa mwanzo hadi mwisho, setilaiti zikiwemo. Kwa hiyo kwa miongo mingi tumekuwa tukiitolea hukumu sehemu tuliyokuwa hatujaisoma, na ugumu wa kuisoma ukachukuliwa kama dalili kwamba haina maana.

Hoja ya wapinzani wangu niiseme kwa nguvu zake zote, kwani kuipunguza ni kujidanganya. Susumu Ohno aliandika mwaka 1972 kwamba kiumbe hakiwezi kubeba jeni nyingi kupita kiasi, kwa sababu kila jeni ni mahali pa kuharibika. Kwa hiyo sehemu kubwa ya DNA lazima iwe kitu ambacho kikiharibika hakuna hasara. Mwaka 1980 Leslie Orgel na Francis Crick, pamoja na W. Ford Doolittle na Carmen Sapienza katika makala nyingine iliyotoka sambamba, walisema kwamba DNA inaweza kuongezeka kwa faida yake yenyewe: inajirudufu kwa kuwa inaweza kujirudufu, na mwili unaibeba kama mnyama abebavyo kupe. Juu ya hayo kuna hesabu ya wingi. Kitunguu kina DNA mara kadhaa kuliko mtu, na hakuna aliye tayari kusema kwamba kitunguu kina kazi nyingi zaidi ya mtu. Hoja zote hizi nazikubali. Nakubali kwamba marudio mengi yalianza kwa ajali za kunakili. Nakubali kwamba nyongeza nyingi hazikuchaguliwa kwa faida yoyote. Nisichokubali ni hatua inayofuata, ile inayorukwa haraka bila kukaguliwa: kwamba kitu kilichoanza kwa ajali hakiwezi kuwa kimeshikwa na kazi, na kwamba kisichosomeka kama jeni hakina nafasi katika maisha ya seli.

Kasoro iko katika dhana kwamba kazi pekee ya DNA ni kusomwa. DNA husomwa, ndiyo, lakini pia ni mwili: ina urefu, ina mikunjo, ina mifuo miwili inayozunguka uzi wake, mmoja mpana na mmoja mwembamba. Mahali penye A na T kwa mfululizo, mfuo mwembamba huwa mwembamba zaidi, na kuna kipande kidogo cha protini, wataalamu wanakiita ndoana ya AT, ambacho hujichomeka humo na kukaa. Nzi ana protini iitwayo D1 yenye ndoana za namna hiyo kama kumi, zimepangwa moja baada ya nyingine. Levinger na Varshavsky walionyesha mwaka 1982 kwamba D1 hupenda kukaa kwenye setilaiti zenye A na T nyingi. Sasa fikiria protini yenye ndoana kumi ikikutana na AATAT moja iliyopotea katikati ya jeni: inashika kidogo, inaachia. Ikikutana na AATAT elfu nzima kwa mfululizo, kila ndoana inapata pake, na kama moja ikiteleza nyingine bado zimeshika. Basi marudio yale yale tuliyoyadharau kwa kuwa hayasemi kitu kipya ndiyo yanayoipa protini mshiko. Kwa protini ya aina hii, kurudia ndiyo sifa yenyewe inayotafutwa. Na ndoana haidai tahajia kamili; inataka mfuo wenye umbo fulani. Tutaihitaji nukta hiyo mbele.

Mshiko huo unafanya nini? Katika seli ambayo haiko katikati ya kugawanyika, kromosomu haziko zile fimbo nene za kwenye picha za vitabuni. Zimelegea na kutawanyika ndani ya kiini. Hata hivyo setilaiti za kromosomu mbalimbali hukutana na kuwa fungu moja au mafungu machache, yanayoitwa kromosenta. Wanabiolojia wameyaona mafungu hayo katika nzi, panya na mimea tangu zamani na kuyapita kama mapambo. Mwaka 2018 Madhav Jagannathan, Ryan Cummings na Yukiko Yamashita walichapisha kile kinachotokea D1 ikiondolewa. Kromosenta zinavunjika. Kiini kinaanza kutoa vichomozo, na kila kichomozo kinaweza kukatika kikaenda na kromosomu au kipande chake, kikawa kiini kidogo pembeni. DNA iliyo ndani ya viini vidogo hukatikakatika, na seli nyingi hufa, hasa zile zinazozaa mbegu za kiume. Yaani kilichokuwa kikizishika kromosomu pamoja ndani ya kiini kimoja ni D1 iliyozifunga setilaiti zake. Mwenye kubeba kuni anajua kwamba kamba haiwaki jikoni na haiivishi ugali, lakini mzigo usio na kamba unaangusha kuni kila hatua. Setilaiti ni mahali kamba inapopita. Watafiti wale wale walikwenda kwenye seli za panya, ambaye setilaiti yake kuu ina marudio ya herufi 234 yasiyofanana hata kidogo na AATAT, wakaiondoa protini ya HMGA1 yenye ndoana za AT kama D1. Vikatokea viini vidogo vile vile. Maandishi tofauti kabisa, viumbe vilivyoachana mamia ya mamilioni ya miaka iliyopita, na matokeo ni yale yale.

Mpinzani makini atasema: nzi asiye na D1 bado anazaliwa na kukua, kwa hiyo hiyo kazi unayoisifu si ya lazima. Jibu lake liko katika makala ya pili ya watafiti hao, ya mwaka 2019, na kwangu ndiyo yenye uzito kuliko zote. Setilaiti ya AATAT, ambayo D1 huishika, imejaa zaidi kwenye kromosomu X, Y na ile ndogo ya nne. Kromosomu ya pili na ya tatu zina AATAACATAG, na hiyo ina protini yake nyingine, iitwayo Prod. D1 hukusanya kundi lake, Prod hukusanya lake, kisha makundi mawili yanashikamana, na hivyo kromosomu zote za nzi zinaingia katika fungu moja. Ondoa D1 peke yake, bado Prod inashikilia nusu ya kazi. Ondoa zote mbili, na nzi hafiki hata kuwa buu. Anafia ndani ya yai akiwa kiinitete, akiwa na madhara yale yale kwa kiwango kikubwa zaidi. Ule ustahimilivu uliodhaniwa kuwa ushahidi wa kutokuwa na kazi ulikuwa ushahidi wa kazi iliyogawanywa kwa protini mbili.

Hapa nahitaji kusimama kwenye pingamizi ambalo binafsi naliona ni zito kuliko mengine. Mwaka 2012 mradi mkubwa wa ENCODE ulitangaza kwamba asilimia 80 ya jenomu ya binadamu ina kazi ya kibiokemia, na kipimo kimojawapo kilikuwa kwamba protini fulani imeonekana ikigusa DNA fulani. Dan Graur na wenzake wakawashukia mwaka uliofuata, na kwa haki: protini hugusa DNA kila mahali kwa sababu ni tabia ya kemia yake, na kugusa si kufanya kazi. Ningekuwa nimesema tu kwamba D1 inaonekana juu ya AATAT, ningestahili kushukiwa vile vile. Lakini ushahidi wa nzi haukomei kwenye kugusa. Unatokana na kuuondoa mguso na kuangalia nani anaumia, tena kwa njia zaidi ya moja. Ya kwanza nimeitaja, ya kuondoa protini. Ya pili ni kuiacha protini ilivyo na kuuziba mfuo inaoshika. Mwaka 2000 kundi la Ulrich Laemmli huko Geneva lilitengeneza molekuli ndogo ziitwazo poliamaidi, zinazoingia kwenye mfuo mwembamba wa DNA na kutambua herufi fulani tu. Moja, P9, ililenga setilaiti zenye A na T nyingi. Nyingine, P31, ililenga ile ya AAGAG. Kisha wakawalisha nzi, ndani ya chakula chao cha kawaida.

Yaliyotokea yanastahili kutazamwa kwa karibu. Kuna nzi wenye macho yenye mabaka mekundu na meupe, ambao Hermann Muller aliwapata mwaka 1930 kwa kutumia eksirei. Jeni ya rangi nyekundu kwa nzi hao ni nzima kabisa, ila kromosomu ilipinduka ikaipeleka jirani na heterokromatini. Katika seli nyingine za jicho jeni hiyo hunyamazishwa na katika nyingine hufanya kazi, ndiyo maana jicho linatoka na madoa. Nzi hao walipolishwa P9, macho yalipata wekundu mwingi zaidi. Hakuna herufi hata moja ya jeni iliyobadilishwa. Kilichobadilika ni kwamba setilaiti ilifunguka, na kazi iliyofuata, ya mwaka 2006, ilionyesha kwamba P9 ilikuwa ikiing'oa D1, na pamoja nayo HP1, protini inayosifika kwa kunyamazisha jeni, na topoisomerasi II. Yaani mguso wa protini na setilaiti ulikuwa unaamua rangi ya jicho. Kwa upande wa P31 jambo ni la ajabu zaidi. Nzi wa kawaida walioila hawakuonyesha mabadiliko hayo. Lakini nzi wa aina iitwayo brown-dominant, ambao wana zaidi ya herufi milioni moja za AAGAG zilizopachikwa katikati ya jeni ya brown kwenye kromosomu ya pili, walitoka na maumbo yaliyogeuka, sehemu moja ya mwili ikichukua sura ya sehemu nyingine. Hali hiyo hutokea nzi akipungukiwa protini ya GAGA. Maelezo ya watafiti ni kwamba P31 iliyafungua yale marudio, nayo yakaivuta protini ya GAGA kwa wingi, na jeni zilizoihitaji kwingine zikabaki mikono mitupu. DNA isiyo na jeni ndani yake imeweza kubadilisha umbo la mwili kwa kushika tu.

Nzi huyo huyo wa brown-dominant ana jingine la kusema. Mwaka 1996 makundi mawili ya watafiti yaliifuatilia ile nakala ya jeni iliyopachikwa AAGAG na kukuta kwamba haikai mahali pake ndani ya kiini. Inavutwa hadi kwenye heterokromatini iliyo karibu na sentromia, na kwa kuwa kromosomu za nzi hutembea mbili mbili, inaiburuta pia ile nakala ya pili iliyo nzima, nayo ikanyamazishwa. Anayesema setilaiti imelala tu atueleze inavutwa na nini.

Twende kwenye pingamizi la wale wanaopenda kufuta. Wanasema: nzi dume asiye na kromosomu Y kabisa anaishi, ingawa ni tasa, na Calvin Bridges alilijua hilo tangu mwaka 1916; Y ina herufi kama milioni 40, karibu zote heterokromatini. Tena wapo nzi waliopoteza lile rundo zima la herufi 359 kwenye X na wanaishi maabara bila shida. Mambo haya ni kweli, na ndiyo silaha yao bora. Lakini yanathibitisha nini hasa? Yanathibitisha kwamba rundo moja linaweza kuondoka bila nzi kufa ndani ya chupa yenye chakula tele na isiyo na washindani. X iliyopoteza 359 bado ina setilaiti nyingine za kushikwa. Na dume asiye na Y anaondolewa kromosomu pamoja na setilaiti zake. Hakuna kromosomu iliyobaki uchi inayohitaji kufungwa. Jaribio ambalo lingeniangusha ni kuiondolea kromosomu moja setilaiti zake zote, kisha kuona inakaa salama ndani ya kiini kizazi baada ya kizazi, porini na si chupani. Kuhusu tofauti ya chupa na ushindani, kuna jaribio la Chung-I Wu, John True na Norman Johnson lililochapishwa mwaka 1989: nzi waliofutiwa rundo la setilaiti ya Responder waliposhindanishwa na wenzao wenye nalo, waliofutiwa walishindwa. Ni rundo moja na jaribio moja, silikuzi zaidi ya hapo. Linatosha kutuonya kwamba kuishi chupani hakujibu swali lililoulizwa.

Pingamizi jingine ni la kasi. Kitu chenye kazi, wanasema, hutunzwa. Setilaiti hubadilika haraka kuliko karibu kila kitu kingine katika jenomu, hata spishi mbili za ndugu hazifanani. Mbona basi isiwe takataka? Nimekwisha kugusa nusu ya jibu: protini ya ndoana haidai tahajia, inadai umbo na wingi, kwa hiyo herufi zinaweza kuhama na mshiko ukabaki. Nusu ya pili ni kwamba mabadiliko hayo hayapiti bure. Ndugu wa karibu wa melanogaster ni Drosophila simulans, wa ukoo mmoja na nzi wa visiwa vya bahari yetu, D. sechellia wa Shelisheli na D. mauritiana wa Mauritius. Ukimpandisha jike wa simulans na dume wa melanogaster, mabinti wote hufa wakiwa viinitete na wana wa kiume huishi. Ukigeuza, mama akawa melanogaster na baba simulans, mabinti huishi. Tulia na hesabu hiyo. Mabinti wa mseto wa kwanza na wa pili wana kromosomu zile zile, ikiwemo X ya melanogaster yenye rundo la 359. Kilichotofautiana ni yai. Mwaka 2009 Patrick Ferree na Daniel Barbash walionyesha kilichotokea ndani ya yai la simulans: kila seli inapogawanyika, lile rundo la 359 linakataa kuachana, linavutika kama daraja kati ya nusu mbili, na ugawanyikaji unakwama. Wana wa kiume wanasalimika kwa kuwa baba huwapa Y, hawapati X yake. Na baba akiwa na X iliyofutwa rundo hilo, mabinti wanapona.

Yai la simulans, basi, limekosa kile ambacho yai la melanogaster hulipa rundo la 359 tangu saa za mwanzo. Ni protini ipi inayokosekana, bado inatafutwa, lakini eneo linajulikana: topoisomerasi II, kimeng'enya kinachokata na kuunga DNA ili nyuzi zilizosokotana ziachane, hukata kwenye marudio hayo ya 359 kwa mpangilio, na kwa mahuluti hukutwa pasipo pake. Mwaka 2022 Cara Brand na Mia Levine walifanya kitu cha werevu mkubwa. Walichukua protini moja ya melanogaster inayokarabati DNA iliyokwama na protini, Spartan, wakaweka mahali pake Spartan ya simulans. Ovari za majike zikaharibika. Walipofanya hivyo hivyo kwa nzi wasio na rundo la 359, madhara yakatoweka. Mpinzani atasema kwamba hapa nimeonyesha madhara, sijaonyesha manufaa, na kweli ni mambo mawili. Mahuluti na Spartan vinathibitisha dai la kwanza, kwamba setilaiti si kitu kilicholala; seli imelazimika kuwa na protini zinazoijua kwa undani, na protini hizo hubadilika pamoja nayo. D1 na Prod ndizo zinazothibitisha dai la pili, la manufaa. Halafu madai hayo mawili yalikutana mwaka 2021, Jagannathan na Yamashita walipoonyesha kwamba ndani ya mahuluti ya melanogaster na simulans kromosenta huvunjika na viini vidogo hutokea, na kwamba ukizizima jeni zilizokwisha kujulikana kwa kuua mahuluti, kromosenta zinarudi.

Limebaki suala la wingi, na hapo nawaachia wapinzani sehemu yao. Setilaiti za D. virilis huchukua zaidi ya asilimia 40 ya DNA yake, kama Joseph Gall na Diane Atherton walivyoonyesha mwaka 1974 kwa marudio ya herufi saba saba. Spishi nyingine za jamii hiyo zina kidogo sana. Hakuna atakayenishawishi kwamba virilis anahitaji kufungwa mara kumi zaidi ya jamaa zake. Ziada hiyo ni ajali na ubinafsi wa DNA, na Orgel na Crick waliona mbali. Hata Responder ni mfano wa vita hivyo. Kromosomu iitwayo Segregation Distorter, iliyoelezwa mwaka 1959 na kupatikana hata kwa nzi wa porini wa Afrika, huziharibu mbegu za kiume zenye Responder nyingi, hata dume akarithisha kromosomu hiyo kwa zaidi ya asilimia 95 ya watoto wake badala ya nusu. Responder yenye nakala kama 20 husalimika, yenye mamia huumia, yenye elfu mbili na zaidi hufa. Lakini tazama hata hapo kinachohesabiwa ni nini: ni idadi ya marudio, na uharibifu unatokea pale DNA ya mbegu inapotakiwa kubadilisha protini zake ili ijisonge. Hata kwenye ubinafsi, lugha ya setilaiti ni ya kushikwa na protini. Wingi wa kupita kiasi si hoja dhidi ya kazi. Ni hoja dhidi ya kudai kwamba kila herufi ina kazi, dai ambalo sikulitoa.

Kuna wanaodhani mabishano haya ni ya wataalamu wa nzi peke yao. Viini vidogo vilivyoonekana kwa nzi asiye na D1 ndivyo vinavyohesabiwa hospitalini na maabara kama dalili ya DNA kuharibika, na huonekana kwa wingi katika seli za saratani. Setilaiti za binadamu nazo zina protini zake. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba eneo hilo ni takataka hataelekeza darubini yake huko, na hatakuwa na kosa. Kosa ni la aliyemfundisha.

Waandishi wa vitabu vya biolojia vya sekondari na vyuo, futeni neno hilo kwenye sura ya kromosomu. Andikeni kwamba setilaiti ni marudio yasiyotengeneza protini, mengi yameongezeka bila kuchaguliwa, na yanashikwa na protini maalumu zinazozikusanya kromosomu ndani ya kiini kimoja. Na anayetaka kuendelea kuiita takataka ana maswali mawili ya kujibu kwanza: kwa nini kiinitete kisicho na D1 wala Prod kinakufa, na kwa nini mabinti wa simulans wanapona pale X ya baba inapokosa kile ambacho yeye anasema si kitu.